Siku 21 za Nani? Wakitupa Wastani, Tuwape Mizani

Vijana wa Thika, Ruiru na kwingineko.

Hii ni ndefu. Najua wengi mnasoma mkiwa ndani ya matatu, Thika Road imekwama pale Githurai, lakini leo nawaomba msiishie hapa juu. Someni mpaka mwisho, halafu mtumieni yule rafiki yenu ambaye bado anatembea na karatasi ya kusubiria kitambulisho, imekunjwa mara nne mfukoni mpaka maandishi yameanza kufutika.

Majuzi nilikuwa kwenye baraza moja. Mahali sitaji, ofisi sitaji, na afisa mwenyewe simtaji, kwa sababu shida yangu ni sentensi aliyoisema. Mama mmoja alisimama, buibui limeshika vumbi la barabara, akauliza kwa nini kijana wake anasubiri kitambulisho tangu kabla ya Ramadhani. Afisa hakuuliza jina la kijana. Hakuuliza aliomba lini. Alitabasamu tu, akasema: "Mama, wastani wetu ni siku 21. Kwa kila mtu. Sisi hatuangalii majina."

Watu wakapiga makofi. Mama akaketi.

Nilirudi nyumbani na yale makofi masikioni. Mama aliuliza kuhusu mtu, akajibiwa kwa namba. Na namba ilivyotua pale, ikawa ni kama yeye ndiye mwongo. Hakuna aliyeuliza: siku 21 za nani? Zimehesabiwa na nani? Na waliohesabiwa ni kina nani?

Sasa tuwe wakweli na sisi wenyewe pia. Jioni hiyo hiyo, kwenye grupu zetu za WhatsApp, vijana wakaanza. "Uongo mtupu! Binamu yangu alikaa miezi minane." "Mimi niliambiwa nilete hati ya shamba ya babu." "Ni sisi Waislamu tu wanatusotesha." Video zikatengenezwa. Na afisa, akiziona, atasema nini? Atasema: "Hao ni watu wanne." Na kwa hilo, wallahi, atakuwa na hoja.

Ndiyo maana naandika. Tuna makosa mawili: kuumeza wastani bila kuutafuna, na kuutema bila kuuonja. Kuna njia ya tatu, inafundishwa vyuoni, na wengi wenu mmeifanyia mtihani mkasahau siku ya pili yake. Inaitwa kupima nadharia tete. Nataka tuitoe darasani tuilete barazani.

KWANZA, WASTANI UNAWEZA KUWA KWELI NA BADO UKADHULUMU

Chukua watu kumi. Tisa wanapata kitambulisho baada ya siku 10. Mmoja anasubiri siku 120. Jumlisha: 90 na 120 ni 210. Gawanya kwa kumi. Unapata 21.

Umeona? "Wastani wetu ni siku 21." Ni kweli kabisa, hakuna uongo hata nukta. Na kuna kijana mmoja amekaa miezi minne bila laini ya simu kwa jina lake, bila M-Pesa yake mwenyewe, bila kuomba mkopo wa HELB, bila kujiandikisha kupiga kura, na kila akipita kwenye kizuizi usiku anaulizwa "kitambulisho kiko wapi?"

Sasa kama yule wa kumi ni mtu yeyote tu, leo Wanjiru, kesho Otieno, kesho kutwa Fatuma, hiyo ni ofisi mbovu. Lakini kama yule wa kumi kila mara ni Fatuma, hiyo si ofisi mbovu tena. Huo ni ubaguzi, na wastani ndiyo shuka iliyoufunika.

Kwa hiyo shikeni hili mapema. Katiba ya 2010, Ibara ya 12, inasema raia ana haki ya kupata hati ya usajili. Raia, yaani mmoja mmoja. Haisemi wastani wa raia. Ibara ya 47 inataka maamuzi ya serikali yafanywe haraka na kwa haki. Yule mama hakuhitaji kuthibitisha hesabu yoyote ndipo kijana wake apewe haki yake. Lakini afisa akisimama mbele ya umma akatumia wastani kama ngao, basi ngao hiyo tuna ruhusa ya kuigonga tusikie kama ni chuma au ni karatasi.

PILI, HIVI NDIVYO UNAVYOIGONGA

Kila mtu anajua mizani. Ukienda dukani ukauziwa kilo ya sukari, unaiweka kwenye mizani nyingine. Ikipungua kidogo sana, unasema labda ni karatasi, labda ni upepo. Ikipungua sana, unamrudia muuzaji. Swali la maana ni hili: kupungua kiasi gani ndiyo "sana"? Kupima nadharia tete ni kujibu swali hilo kabla hujakasirika.

Hatua ya kwanza: liandike dai kama lilivyosemwa. "Wastani ni siku 21." Hilo unalikubali kwa muda, kama mshtakiwa anavyohesabiwa hana hatia mpaka ushahidi uletwe. Mkabala wake unaandika dai lako: "Wastani ni zaidi ya siku 21."

Hatua ya pili: kabla hujakusanya chochote, sema ni ushahidi wa kiasi gani utakutosha. Wengi hutumia asilimia 5, desturi iliyoenezwa na Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1925. Maana yake: nitalikataa dai ikiwa, dai likiwa kweli, matokeo kama haya au makali kuliko haya yangetokea kwa bahati tu chini ya mara 5 katika mara 100.

Hatua ya tatu: kusanya sampuli kwa haki. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, nitarudi.

Hatua ya nne: hesabu. Namba zifuatazo nimezitunga ili tujifunze, msizisambaze kama matokeo ya ofisi yoyote. Tuseme umepata watu 25. Wastani wao wa kusubiri ni siku 26. Mtawanyiko wao, yaani jinsi wanavyopishana na huo wastani, ni kama siku 10. Unafanya nini?

Tofauti ni 26 kutoa 21, yaani siku 5. Je, siku 5 ni nyingi? Inategemea wastani wa watu 25 unaweza kuyumba kiasi gani kwa bahati tu. Gawanya mtawanyiko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kumi gawanya kwa tano ni 2. Huo ndio myumbo wa kawaida: siku 2. Sasa 5 gawanya kwa 2 unapata 2.5. Ukiangalia jedwali kwa watu 25, mpaka ni kama 1.71. Umeuvuka. Kwa kweli, kama dai la siku 21 lingekuwa sahihi, sampuli ya namna hii ingetokea kwa bahati kama mara moja tu katika mara 100. Unalikataa dai.

Sasa rudi kwenye wale watu wanne wa WhatsApp. Tuseme na wao wastani wao ni siku 26, mtawanyiko ni 10. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Kumi kwa mbili ni 5. Myumbo ni siku 5, tofauti ni siku 5, unapata 1. Na kwa watu wanne mpaka uko mbali zaidi, kama 2.35. Hujaufikia hata nusu.

Malalamiko ni yale yale, wastani ni ule ule. Wanne hawatoshi, 25 wanatosha. Afisa aliyesema "hao ni watu wanne" alikuwa anafanya hesabu hii bila kujua. Tusimpe tena nafasi hiyo.

Na angalieni: kushindwa kulikataa dai si kulithibitisha. Mtu akiachiliwa na mahakama kwa kukosekana ushahidi haina maana kwamba lazima hakuiba. Kwa hiyo asije mtu akasema "mlipima mkashindwa, basi siku 21 ni kweli." Hapana. Tulipima na mizani ndogo. Tutarudi na kubwa.

Mnajua hesabu hii ya sampuli ndogo ilitoka wapi? Cheka kidogo. Aliyeitunga ni William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin. Aliichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia, "Student", kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Alikuwa na shida ya vipimo vichache vya shayiri na malighafi nyingine, akitaka kujua kama tofauti anayoiona ni ya kweli au ni bahati. Kuna ndugu atasema basi tuiache. Ndugu yangu, pombe ilibaki Dublin. Kugawanya tano kwa mbili hakulewishi mtu.

TATU, WALE AMBAO HAWAKO KWENYE WASTANI

Hapa nataka msome polepole, maana hapa ndipo siri ilipo.

Ofisi ikisema "wastani wa kusubiri ni siku 21", inahesabu kina nani? Kwa kawaida ni wale waliopata. Aliyepata ana tarehe mbili, ya kuomba na ya kuchukua, unatoa moja kwa nyingine unapata siku. Je, yule ambaye bado anasubiri? Hana tarehe ya pili. Hana namba. Kwenye wastani hayupo kabisa.

Kwa hiyo ukimcheleweshea mtu miaka miwili, wastani wako hauharibiki. Unabaki msafi. Ukimpa baada ya miaka miwili ndipo unaharibika! Ofisi inayowasahau watu kabisa inaweza kuonyesha wastani mzuri kuliko ofisi inayowahudumia wakichelewa. Kijana wa yule mama hakuwa kwenye zile siku 21. Alipigiwa makofi na hesabu ambayo haikumtambua kuwa yupo.

Dawa yake ni rahisi kuliko hata ile ya Gosset, na hata mtoto wa madrasa ataielewa. Chukua watu walioomba miezi mitatu iliyopita, mwezi huo mmoja, wote waliopata na wasiopata. Kila mmoja muulize kitu kimoja tu: siku 21 zilipita kabla hujapata? Ndiyo au la. Anayesubiri bado, jibu lake ni ndiyo, maana siku 21 alizivuka zamani. Sasa na yeye amehesabiwa.

Halafu fikiria shilingi. Kama nusu ya watu hupata ndani ya siku 21, basi kila mtu ni kama kurusha shilingi. Ukirusha mara 25, utapata kama 12 au 13 za "ndiyo". Ukipata 18 au zaidi? Kwa bahati tu hiyo hutokea kama mara 2 katika mara 100. Umeshavuka mpaka wa 5.

Afisa mjanja atasema, "Mimi nilisema wastani, sikusema nusu ya watu." Sawa kabisa, ni vitu viwili tofauti. Lakini rudi kwenye watu wetu kumi: wastani ulikuwa 21, na tisa kati ya kumi walikuwa chini yake, kwa sababu mmoja mwenye siku 120 aliuvuta wastani juu. Kusubiri ndivyo kulivyo. Kuna wachache wenye mkia mrefu wanaovuta wastani. Kwa hiyo kama wastani kweli ni 21, kwa kawaida tungetarajia zaidi ya nusu wawe wamepata kabla ya hapo. Tukikuta walio wengi wameuvuka, dai lake linazidi kuwa na shida.

NNE, SISI NASI TUSIPUNJE

Surat al-Mutaffifin mnaijua. Ni onyo kwa wanaojipimia wenyewe kikamilifu na kuwapunja wengine. Tunaisoma tukimfikiria mwenye duka. Leo nataka tujifikirie sisi wenye simu.

Ukisimama mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa ukasema "waliocheleweshewa kitambulisho waje hapa nihesabu", umeshapunja. Aliyepata kwa siku 9 ameenda zake kula pilau. Umebaki na waliochelewa, halafu unasema "jamani, wastani wetu ni siku 90!" Hiyo siyo sampuli, hiyo ni foleni ya malalamiko. Ni sawa na kwenda hospitalini kuhesabu wagonjwa, ukatangaza Thika nzima inaumwa.

Chagueni watu bila kujua majibu yao. Majengo, Makongeni, Kiandutu, Kimbo, Kihunguro, Githurai 45: nyumba ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Au orodha ya wanafunzi wa chuo waliotimiza miaka 18 mwaka huo, kila wa saba. Anayechaguliwa ndiye anayeulizwa, hata kama stori yake haitufurahishi.

Na lile dai kubwa, "ni sisi Waislamu tu", halipimwi kwa kuwauliza Waislamu peke yao. Litapimwaje? Ukikuta Waislamu wanasubiri siku 40, utajuaje kama jirani zao Wakristo hawasubiri 40 pia? Unahitaji makundi mawili, ofisi moja, miezi ile ile, wanaoomba mara ya kwanza wakilinganishwa na wanaoomba mara ya kwanza, waliopoteza na waliopoteza. Hapo dai la kupima linabadilika: "hakuna tofauti kati ya makundi." Likianguka, limeanguka mbele ya kila mtu, na jirani yako Mkristo ataketi upande wako. Na tukikuta wote wanasoteshwa sawa, basi tuseme hivyo hadharani na tupigane pamoja nao. Haki haipungui kwa kuwa jirani naye anaihitaji.

Onyo la mwisho kwetu. Ule mpaka wa 5 katika 100 una bei yake. Ukipima ofisi 20 ambazo zote ni safi, tarajia kama moja itaonekana chafu kwa bahati tu. Ukipima ofisi 20 ukachapisha ile moja ukanyamazia 19, umemdhulumu mtu msafi, na jina lake umelitupa mtandaoni ambako halifutiki. Surat al-Hujurat inatuamuru tuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Hakuna mahali imesema habari ikitufaa sisi tusihakiki. Pimeni, tangazeni zote, na ile moja rudini kuipima upya.

TANO, "HAKI YETU HAIHITAJI HESABU"

Nitaambiwa hivi na ndugu ninaowaheshimu. Watasema: sote tunajua. Wazee wetu walipigwa msasa, baba zetu walipigwa msasa, sisi tumepigwa msasa, leo unatuambia tukagawanye namba?

Najua, na historia iko wazi. Mkoloni alipoleta sheria ya kipande mwaka 1915, mwanamume Mwafrika alilazimishwa baadaye kukivaa shingoni kama kengele ya ng'ombe. Harry Thuku wa Kiambu hii hii aliinuka dhidi yake. Leo mjukuu anakitafuta hicho kipande na hakipati! Machi 2011, Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto Wanubi kuhusu uraia. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kukomesha msasa wa ziada kwa watu wa maeneo ya mpakani. Hakuna anayetia saini kukomesha kitu ambacho hakikuwepo.

Lakini hebu niulize: tamko limefanya kazi? Watu wanasubiri siku chache kuliko kabla? Tutajuaje? Kwa makofi? Tamko ni wino. Siku za kusubiri ndizo ushahidi, na siku zinahesabika.

Na wanaosema hesabu haijawahi kumtetea mnyonge, wamsome Rodrigo Partida. Kaunti ya Hidalgo, Texas, kule Marekani. Watu wenye asili ya Mexico walikuwa asilimia 79.1 ya wakazi. Kwa miaka 11, watu 870 waliitwa kwenye jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe. Katika hao, wenye asili ya Mexico walikuwa 339 tu. Kama kungekuwa hakuna upendeleo, wangetarajiwa kama 688. Myumbo wa kawaida wa bahati ulikuwa kama watu 12, na pengo lilikuwa karibu mara 29 ya huo myumbo. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitazama hesabu hiyo na kumpa Partida ushindi. Hakuna afisa aliyekiri kubagua. Hakuna barua ya siri iliyopatikana. Namba zilizungumza, na aliyetakiwa kujieleza akawa ni serikali.

Hiyo ndiyo nguvu ninayoitaka. Siyo ya kubadilisha machozi ya mama kuwa jedwali. Ni ya kuhakikisha siku nyingine akisimama, anayetakiwa kujieleza siye yeye.

SITA, DAFTARI LIKO KWAO

Na sasa namrudia afisa.

Mheshimiwa, sisi tunahangaika na watu 25 kwa sababu hatuna daftari. Wewe unalo. Sampuli ni ya mtu asiyeweza kuona chungu kizima, anaonja kijiko. Wewe una chungu chote jikoni kwako. Kila ombi lina tarehe. Kila kitambulisho kilichotoka kina tarehe. Huhitaji Gosset, huhitaji jedwali, huhitaji shilingi. Unahitaji kutoa tu: wangapi waliomba, wangapi walipata, mtu wa katikati alisubiri siku ngapi, na wangapi mpaka leo hawajapata na wamekaa muda gani. Bila jina la mtu hata mmoja.

Kama ni siku 21 kweli, utatunyamazisha mchana kweupe, na mimi nitakuja barazani kupiga makofi. Kama huwezi kutoa, usitumie tena hiyo namba kumketisha mama wa watu.

Vijana, hili si ombi la hisani. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi iamue ombi lako ndani ya siku 21. Ndiyo, hizo hizo siku 21! Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Kwa hiyo mwezi huu tufanye mambo matatu.

Moja, barua. Ya heshima, fupi, yenye yale maswali manne ya hapo juu. Piga muhuri wa kupokelewa, baki na nakala. Tarehe ya muhuri ndiyo siku ya kwanza.

Mbili, kuhesabu. Ukiwa Thika au Ruiru na uko tayari kutembea nyumba kwa nyumba Jumamosi mbili, sema. Tunauliza mambo machache tu: uliomba mwezi gani, ni mara ya kwanza au ulipoteza, ulipata baada ya siku ngapi au bado, na kama mtu anataka, dini yake. Jina hatuandiki. Namba ya kitambulisho hatuandiki. Picha ya karatasi ya mtu hatupigi. Hatupigani na dhulma kwa kuwaanika waliodhulumiwa.

Tatu, nidhamu. Kabla hatujauliza mtu wa kwanza, tutaandika hapa hapa kwenye ukurasa huu dai tunalolipima na mpaka tutakaoutumia. Halafu tutatangaza matokeo vyovyote yatakavyokuwa. Yakitupinga, tutayatangaza. Nawaahidi hilo mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu, na mkiona nimenyamaza, niulizeni.

Agosti 2027 haiko mbali. Asiye na kitambulisho hajiandikishi, asiyejiandikisha hapigi kura, na asiyepiga kura ataendelea kusomewa wastani wake na watu ambao hakuwachagua.

Yule mama nilimfuata baada ya baraza. Nilimuuliza tarehe ambayo kijana wake aliomba. Hakutoa karatasi yoyote. Aliitaja kwa moyo, siku na mwezi, kama anavyotaja siku aliyomzaa. Nikaiandika.

Hiyo ndiyo tarehe yetu ya kwanza. Tunahitaji nyingine nyingi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullah.